Kijiji si Shamba la Takwimu

Kila mwaka, hasa barabara zinapokauka baada ya masika, magari yenye nembo za miradi huingia vijijini mwetu. Hushuka vijana wenye mizani ya kupimia watoto, vichupa vya damu na fomu ndefu za maswali. Siku hizi wengine hubeba vishikwambi badala ya fomu. Huuliza habari za homa, kuhara, mimba, vyoo, vyandarua na vifo. Baada ya siku chache huondoka, na wanakijiji hubaki na swali ambalo mara nyingi halijibiwi: yale tuliyowaambia yamekwenda wapi?

Toleo hili la kijarida chetu linaizungumzia kazi hiyo, yaani kazi ya afya na ya utafiti wa afya inayofanyika nyumba kwa nyumba. Hatukusudii kuipinga. Tunataka kuonyesha kwamba kati ya magumu yote yanayoikabili, lililo kubwa kuliko yote ni uaminifu kati ya anayeuliza na anayeulizwa, na kwamba uaminifu huo hauwezi kujengwa pasipo haki. Mtafiti ana wajibu wake. Nasi waamini, viongozi wa walei na wanajumuiya tunao wetu.

MANUFAA HATUNA BUDI KUYAKIRI

Tuanze kwa kuwapa watu stahili yao. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga mkoani Morogoro, mwaka 1997 ulianza mpango wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vilivyotiwa dawa, vikijulikana kwa jina la Zuia Mbu. Ili ijulikane kama vyandarua hivyo viliokoa maisha kweli, wadadisi walizitembelea kaya za vijiji 25 mara moja kila miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama na nani amefariki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza nafasi ya kuishi kwa asilimia 27. Ushahidi wa namna hiyo uliisaidia nchi kuanzisha, mwaka 2004, Hati Punguzo ya vyandarua kwa akina mama wajawazito.

Hakuna maabara ya mjini ambayo peke yake ingeweza kuupata ukweli huo. Ulipatikana kwa sababu akina mama wa Kilombero na Ulanga walifungua milango yao na kujibu maswali, mengine yakiwa ya uchungu, kama yale yanayomhusu mtoto aliyezikwa majuzi. Malaria nayo haijakoma kuua. Kwa mwaka 2023 peke yake ilikadiriwa kuwa watu 597,000 walikufa duniani kwa ugonjwa huo. Karibu wote walikuwa katika Bara la Afrika, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo anayesema watafiti wafukuzwe vijijini anasema, pengine bila kujua, kwamba watoto hao wasahauliwe.

NJIA, MAJIRA NA MILANGO ILIYOFUNGWA

Magumu ya kwanza yanaonekana kwa macho. Mvua zikinyesha, njia hukatika, madaraja ya magogo huchukuliwa na maji, na kijiji kilichokuwa mwendo wa saa mbili huwa safari ya siku mbili. Chanjo nyingi hazina budi kutunzwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Boksi la barafu likichelewa kwenye kivuko, dawa ya gharama kubwa huharibika kabla haijamfikia mtoto hata mmoja. Mafuta huisha, pikipiki huharibika, na posho ya dereva huwa imehesabiwa kwa siku za kiangazi.

Lakini nyuma ya matope hayo limejificha jambo la haki. Katika bonde la Kilombero familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa wakati wa kilimo cha mpunga, zikaishi katika vibanda mbali na kijiji ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe mwitu. Mdadisi akipita wakati huo hukuta milango imefungwa, akaandika "hawapo", akaenda nyumba ya pili. Tazameni basi yanayofuata. Familia iliyo shambani ndiyo inayolala penye mbu wengi, katika kibanda kisichofungika vizuri, mbali na zahanati na duka la dawa. Ndiyo iliyo hatarini kuliko zote, na ndiyo isiyoandikwa. Baadaye mipango ya dawa, ya wauguzi na ya fedha hupangwa kwa kufuata maandishi hayo. Aliye mbali zaidi huhesabiwa kidogo zaidi, na anayehesabiwa kidogo hupewa kidogo.

Hali ni hiyo hiyo pale mradi unapochagua vijiji vilivyo kando ya barabara kuu kwa sababu tu gari hufika kwa urahisi. Wenye mradi wataita hilo kubana matumizi. Kwa wafugaji wanaohamahama, wavuvi wa kambi za ziwani na wakulima wa milimani, ni kunyimwa nafasi yao katika hesabu ya taifa.

SWALI LISILOELEWEKA HUZAA JIBU LISILO KWELI

Gumu la pili ni la lugha, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halionekani. Maswali mengi hutungwa kwa Kiingereza katika ofisi za mbali, kisha hutafsiriwa kwa haraka. Mama huulizwa: "Je, mtoto wako amepata malaria katika majuma mawili yaliyopita?" Anajibu kwa moyo mweupe: "Hapana." Kumbe juzi tu mtoto huyo alishikwa na degedege.

Tafiti zilizofanyika Bagamoyo na Kilombero katika miaka ya 1990 zilionyesha wazi tatizo hilo. Wazazi wengi waliitambua homa ya malaria kuwa ni ugonjwa wa kawaida unaotibiwa kwa vidonge. Degedege kwao lilikuwa jambo jingine kabisa: lilihusishwa na dege, kiumbe kinachompitia mtoto, na tiba yake ilikuwa kwa mganga, kwa kuvukizwa na kuogeshwa dawa. Wengi waliamini pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Daktari anajua kwamba mara nyingi degedege ni malaria iliyopanda hadi kwenye ubongo, na kwamba kila saa inayopita ina thamani. Basi fomu isiyo na neno "degedege" ilikuwa haiwaoni wagonjwa walio mahututi, na tangazo lililosema "malaria inatibika hospitalini" lilikuwa halimgusi mama aliyekuwa na hakika kwamba ugonjwa wa mwanawe si malaria.

Mifano mingine ni mingi. Mtafiti huuliza umri, naye bibi hana cheti cha kuzaliwa; mdadisi mwenye busara humsaidia kwa matukio anayoyakumbuka, kama Uhuru wa mwaka 1961, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, au mafuriko na njaa za kwao. Huuliza "kaya" yenye watu wangapi, ilhali katika boma moja wapo wake watatu, kila mmoja na chungu chake, na mjukuu anayekula kwa bibi na kulala kwa shangazi. Huuliza idadi ya watoto, na mama humtaja aliye hai akamwacha kichanga aliyefariki kabla ya kupewa jina. Hapo hakuna aliyesema uongo. Aliyetunga swali hakujishughulisha kujua watu huyaelezaje maisha yao.

Hata hivyo, upande wetu nao unastahili kuambiwa ukweli. Wapo wanaoficha chandarua uvunguni ili waandikwe kuwa hawana, na wapo viongozi wanaowafundisha watu majibu yatakayoleta msaada. Huo ni wizi. Kijiji kinachojidai kuwa na njaa kuliko jirani yake huchukua chakula cha mtoto wa jirani.

DAMU, DAWA NA UVUMI

Tufike sasa penye maumivu. Tangu zama za ukoloni yamekuwapo katika Afrika ya Mashariki masimulizi ya mumiani, yaani watu wanaodhaniwa kuwinda binadamu ili wawanyonye damu na kuiuza. Mtu wa mjini huyacheka. Lakini mgeni anapokuja na sindano, akachukua damu, akaondoka asirudi tena wala asiseme alichokiona katika damu ile, huwa anayapa masimulizi hayo nguvu mpya.

Mwaka 2008, katika Mkoa wa Morogoro, watoto wa shule za msingi walipewa dawa za kichocho na minyoo. Dawa zenyewe zilikuwa halali na zinatumika duniani kote. Dawa ya kichocho, yaani prazikwanteli, yapasa imezwe baada ya kula, maana huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, hasa tumbo likiwa tupu. Wazazi wengi hawakuelezwa mambo hayo mapema. Watoto walipoanza kujisikia vibaya, habari zikaenea kwamba wamepewa sumu. Wazazi walifurika shuleni kwa hasira, zikazuka ghasia, na ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Waliopata hasara walikuwa watoto wale wale, kwa sababu kichocho kilibaki miilini mwao. Mkutano mmoja wa wazazi na sahani moja ya uji kabla ya dawa vingeweza kuzuia mengi.

Mwaka 2016 yalitokea mabaya zaidi. Mwezi Oktoba, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na miili yao ikachomwa moto na umati uliowadhania kuwa wanyonya damu. Watu hao walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Vyombo vya habari viliripoti kwamba tangazo la mhubiri kwa kipaza sauti, lililodai kuwa wanyonya damu wameingia kijijini, lilikuwa miongoni mwa yaliyowachochea watu. Ndugu wapendwa, hatuwezi kulipita jambo hili kwa haraka. Kipaza sauti cha nyumba ya ibada kinaaminiwa kuliko redio. Anayekishika ana uhai wa watu mkononi.

Wala tusifikiri kwamba shaka ya watu daima ni ujinga. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, ambako ndugu zetu wengi husema Kiswahili, mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Wahudumu wa afya walishambuliwa mara nyingi. Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kamerun aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini mjini Butembo. Mauaji hayo ni dhambi inayolia. Lakini Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika hilo hilo ilieleza kwamba katika kipindi cha kupambana na Ebola wanawake na wasichana walidhulumiwa kingono, wengine wakiahidiwa kazi. Watuhumiwa waliotajwa walikuwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika lenyewe. Watu walioyaona hayo kwa macho yao wangewezaje kuamini kila gari jeupe lililoingia mtaani kwao?

RUHUSA SI SAINI TU

Katika nchi yetu utafiti wa afya hauna budi kupata kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Baada ya kibali hicho barua hushuka kutoka mkoani hadi wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu huo ni mzuri, nasi tuutetee. Ila una mtego ndani yake. Barua ikishapigwa mihuri yote, wengi hudhani ruhusa imekamilika, na mama huambiwa tu: "Serikali imekubali, lete mkono."

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, linaloongoza tafiti za tiba duniani, linaweka maslahi ya mtu anayefanyiwa utafiti mbele ya maslahi ya sayansi na jamii. Maana yake ni kwamba mwenyekiti anaweza kumruhusu mgeni kuingia kijijini, lakini hawezi kumruhusu kuingia katika mwili wa mtu mwingine. Ruhusa hiyo ni ya mwenye mwili, na kwa mtoto ni ya mzazi au mlezi wake. Mtu ana haki ya kuuliza, ya kukataa, na ya kujitoa katikati ya kazi bila kunyimwa matibabu wala kusemwa mkutanoni.

Ruhusa ya kweli huhitaji maelezo yanayoeleweka. Ni damu kiasi gani? Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Mtafiti aoneshe kichupa chenyewe. Itapimwa nini? Itatunzwa wapi, na itapelekwa nje ya nchi? Nikikutwa na ugonjwa nitatibiwa na nani? Jina langu litaonwa na nani? Dole gumba lililochovywa wino juu ya karatasi ambayo mwenye dole hakusomewa si ruhusa. Na karatasi ya kurasa saba iliyosomwa kwa haraka chini ya mwembe, mama akiwa na mtoto anayelia mgongoni, haina tofauti kubwa na karatasi ambayo haikusomwa kabisa.

MHUDUMU ANAYEBAKI KIJIJINI

Wageni wakishaondoka, yupo anayebaki: mhudumu wa afya ya jamii. Ndiye anayejua nyumba gani ina mjamzito, nani ameacha dawa za kifua kikuu, na njia gani hupitika wakati wa mvua. Mara nyingi ni mwanamke, ana shamba lake na watoto wake, na kwa miaka mingi aliitwa "mtu wa kujitolea". Hupewa fulana, daftari na sifa. Mradi ukija humtumia kama kiongozi wa njia na mkalimani. Matokeo yakichapishwa jina lake halimo.

Kujitolea ni tendo jema pale mtu anapolichagua mwenyewe. Ila kumpa mtu maskini kazi ya kudumu ya umma na kumwambia ailipe kwa njaa yake ni dhuluma iliyovikwa vazi la fadhila. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaozitaka nchi ziwalipe wahudumu hao kulingana na kazi wanayofanya na kuwapa mkataba wa maandishi. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwatumia wahudumu zaidi ya 137,000 katika kipindi cha miaka 5. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, na kila kijiji kinayo haki ya kuuliza kama wahudumu wake wamefundishwa na kama malipo yao yanawafikia.

Tumejifunza pia hatari ya kuijenga kazi hii juu ya mfuko wa mgeni. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya Virusi vya Ukimwi katika nchi za Afrika ilisimama ghafla, na wahudumu wengi wa jamii waliolipwa na miradi hiyo wakajikuta hawana kazi. Wagonjwa waliozoea kutembelewa wakasubiri mtu ambaye hakuja.

KIJIJI KILIPOJIPIMA CHENYEWE

Je, ipo njia nyingine? Ipo, nasi tunayo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kusafisha visima. Miaka mitano baadaye, mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata yalitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Wasikilizaji wa redio vijijini mwetu walikuwa wamekwisha kuanza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mkoa wa Iringa. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianza huko mpango wa lishe katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito hadharani, katika siku ya afya ya kijiji. Jambo lililoutofautisha mpango huo na miradi mingine ni kwamba takwimu zilianzia kijijini na kufanyiwa kazi kijijini. Kamati ya afya ilizipokea, ikazipeleka mbele ya serikali ya kijiji, na watu wakaulizana: ni watoto gani hawakui, na kwa nini?

Majibu yalitoka kwa watu wenyewe. Mtoto hali mara za kutosha kwa sababu mama yuko shambani kutwa. Basi waanzishe mahali pa kulelea watoto mchana. Uji ni mzito na mtoto anashindwa kuumeza. Basi watumie kimea kuulainisha. Maji yako mbali na mzigo wote ni wa mwanamke. Basi wanaume nao waulizwe. Utaratibu wao ulikuwa na hatua tatu: kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena. Mnamo mwaka 1984 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walikuwa 6 hivi katika kila 100. Kufikia mwaka 1988 walipungua hadi kukaribia 2. Wanajumuiya wetu waliozoea hatua za kuona, kuamua na kutenda wataitambua njia hiyo mara moja.

Mizani iliyotumika Iringa haikuwa tofauti na mizani ya miradi mingine. Tofauti ilikuwa katika nani anayesoma namba, na nani anayeamua cha kufanya.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Kwa hiyo Tume inapendekeza kwamba kila serikali ya kijiji au ya mtaa, ikisaidiwa na viongozi wa dini zote, iwaombe wageni wa kazi za afya mambo matano. Kwanza, waonyeshe kibali na waeleze kazi yao katika mkutano wa hadhara kabla ya kupita nyumbani kwa mtu. Pili, maswali yao yajaribiwe kwanza pamoja na wenyeji, ili maneno kama degedege yasipotee. Tatu, watakayemkuta mgonjwa ajue siku hiyo hiyo atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Nne, kila mwenyeji anayewafanyia kazi alipwe ujira wa haki, na makubaliano yaandikwe. Tano, wataje tarehe ya kurudi na matokeo, nao wayaeleze kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha ya mahali pale. Mtafiti mwaminifu hataogopa masharti hayo, yatamrahisishia kazi.

Kwa upande wetu, tusipokee uvumi wala kuupitisha. Tangazo lolote kuhusu dawa, chanjo au wageni lisisomwe kanisani wala kigangoni kabla halijathibitishwa na mtendaji wa kijiji au mganga wa zahanati. Katekista au kiongozi wa jumuiya akisikia minong'ono, awahi kuwaita pande zote mbili wakae pamoja mchana kweupe. Tulinde siri za wagonjwa: habari ya mwenye kifua kikuu au Virusi vya Ukimwi tuliyoisikia kwa ajili ya kumsaidia isigeuzwe mazungumzo ya kilabuni au ya kisimani. Tujibu maswali kwa ukweli hata kama ukweli hauleti msaada. Na tuwakumbushe watafiti, kwa heshima, zile familia zilizo shambani ambazo milango yake wameikuta imefungwa.

Ndugu wasomaji, mtu aliyetoa damu yake, habari za kifo cha mwanawe na nusu siku ya kilimo amemkopesha mgeni kitu cha thamani. Mkopo hulipwa. Mwaka huu magari yatakapoingia tena, tuwakaribishe wageni, tuwape kiti na maji ya kunywa, kisha tuwaulize kwa upole: wale waliotangulia walituahidi majibu, je, ninyi mmekuja nayo?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni utafiti au kampeni gani ya afya iliyofanyika kijijini kwetu katika miaka 3 iliyopita? Nani aliyepewa matokeo yake?

2. Wahudumu wetu wa afya ya jamii ni akina nani? Wanalipwa nini, na sisi tunawasaidiaje?

3. Ni familia zipi ambazo kwa kawaida huwa hazipo wakati wa kuhesabiwa, na tufanye nini ili zisisahauliwe?

4. Uvumi ukizuka kesho kuhusu dawa au wageni, nani kati yetu atakwenda kuuliza kwanza, na atakwenda kwa nani?